Rais aliyeingizwa na maandamano na kuagwa na maandamano: I. King Jordan wa Gallaudet

Swali la msomaji: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha wanafunzi viziwi wa sekondari huku Tabora. Kila mwaka huwasimulia habari za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, Marekani, waliofunga mageti ya chuo chao mwaka 1988 mpaka wakapata rais kiziwi wa kwanza, I. King Jordan. Mwaka huu kijana mmoja alininyooshea simu, akanionyesha kwamba mwaka 2006 Jordan huyo huyo aliita polisi, wakawakamata wanafunzi viziwi waliofunga mageti ya chuo hicho hicho. Sikuwa na la kumjibu. Je, Jordan alibadilika, au sisi ndio tulimpamba kupita kiasi? Na niendelee kumfundisha?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kijana wako hakudanganywa. Yote mawili yalitokea, na mtu ni yule yule. Kabla sijaingia chuoni kufundisha elimu maalumu nilikuwa mkalimani wa lugha ya alama kwa miaka mingi, na nami nilianza kama wewe: nilimjua Jordan wa 1988, nikamkuta Jordan wa 2006 baadaye, na ilinichukua muda kuwaweka wawili hao katika kichwa kimoja. Nitakujibu kwa kirefu, maana ukimwambia kijana "ni shujaa" au "ni msaliti" utakuwa umemfungia mlango.

Tuanze na cheo chenyewe. Wamarekani wakisema rais wa chuo, usimfikirie Mkuu wa Chuo wa kwetu, yule mheshimiwa anayevaa joho siku ya mahafali na kutunuku shahada. Rais wao ndiye Makamu Mkuu wa Chuo wetu: mtendaji, anayeajiri na anayehangaikia fedha. Juu yake ipo bodi ya wadhamini, na bodi hiyo ndiyo humchagua na ndiyo humwondoa. Liweke akilini hilo la bodi, kwa sababu kisa chote kinazunguka hapo.

Gallaudet iko Washington, mwendo wa miguu kutoka jengo la Bunge. Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kukiruhusu kutoa shahada mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa. Kilijengwa kwa ajili ya viziwi. Mwaka 1960, mwalimu wa hapo hapo, William Stokoe, mtu anayesikia, alionyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani ni lugha kamili yenye sarufi yake, jambo ambalo hata wenzake wengi kazini hawakulipokea vizuri. Lakini kwa miaka 124 marais wote wa chuo hicho, sita kwa idadi, walikuwa watu wanaosikia.

Mapema mwaka 1988 nafasi ilipokuwa wazi, walibaki watatu. Elisabeth Zinser alikuwa anasikia, kiongozi katika chuo kimoja cha North Carolina, na hakujua lugha ya alama. Harvey Corson alikuwa kiziwi, mkuu wa shule ya viziwi ya Louisiana. Wa tatu ni Irving King Jordan, kiziwi, mkuu wa kitivo cha sanaa na sayansi pale pale Gallaudet. Jumapili ya Machi 6, wanafunzi wakisubiri uwanjani, waligawiwa karatasi zilizokwisha kuchapwa: bodi imemchagua Zinser. Hakuna mjumbe aliyekuja kuwatazama usoni na kuwaambia. Bodi ilikuwa bado hotelini, Mayflower, katikati ya mji. Basi wanafunzi wakaenda huko kwa miguu, usiku, wakizuia magari njiani.

Huko hotelini ndiko mwenyekiti wa bodi, Jane Spilman, anadaiwa kusema kwamba viziwi hawajawa tayari kufanya kazi katika dunia ya wanaosikia. Yeye alikana, akasema mkalimani hakumwelewa. Kama mkalimani najua makosa ya namna hiyo yanawezekana, na sitamhukumu kwa sentensi ile. Namhukumu kwa jambo jingine: alikuwa amekaa kwenye bodi ya chuo cha viziwi kwa miaka, na bado alihitaji mkalimani ili azungumze na wanafunzi wake.

Asubuhi ya Jumatatu mageti yalikuwa yamefungwa kwa minyororo na kufuli za baiskeli, na magari yameegeshwa kuziba njia, matairi yametolewa upepo. Mchana Spilman alikuja kuzungumza ukumbini. Kabla hajaanza, mwalimu mmoja kiziwi alipanda jukwaani akawaeleza wanafunzi kwa alama kwamba bodi imekataa madai yote, na wengi wakatoka nje. Kisha king'ora cha moto kikalia. Spilman akalalamika kwamba kelele zile zinamzuia kuzungumza. Hebu mfikirie, mwalimu, mtu anayelalamikia kelele mbele ya ukumbi wa viziwi. Wanafunzi wakamjibu kwa mikono: kelele zipi? Wao walikuwa wanaendelea na mazungumzo yao vizuri kabisa. Angejua alama, naye angeendelea.

Kisa hicho nakipenda kuliko vyote vya wiki ile, kwa sababu nimewahi kusimama ukumbini mahali nilipoona kinyume chake. Miaka mingi iliyopita niliitwa kutafsiri kikao cha shule moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa inaamua kufunga bweni la watoto viziwi. Mkuu wa kikao alizungumza kama dakika ishirini akiwa amewageukia wajumbe, mgongo kwa wazazi. Mzee mmoja kiziwi, aliyetoka mbali kwa basi, alikuwa ameketi mbele yangu. Nilichoka, mkuu yule alikuwa anakimbia, nikaanza kufupisha. Mzee akanishika kifundo cha mkono, taratibu, akauliza: "Dakika zote hizi, ndiyo hayo tu aliyosema?" Uamuzi ulipita kwa kuinua mikono, na wa mzee haukuhesabiwa kwa sababu hakuwa mjumbe. Tangu siku ile, nikisoma habari ya taasisi yoyote ya viziwi, kwanza natafuta nani anahesabiwa mkono wake. Jina la kiongozi nalitazama baadaye.

Sasa tazama madai ya wanafunzi wa 1988. Yalikuwa manne. La kwanza, Zinser ajiuzulu na achaguliwe rais kiziwi. La pili, Spilman aondoke. La tatu, viziwi wawe asilimia 51 ya bodi. Wakati ule wajumbe 17 walikuwa wanasikia na viziwi walikuwa 4. La nne, asiadhibiwe mtu yeyote kwa kushiriki mgomo. Wengi tunaposimulia kisa hiki tunakumbuka lile la kwanza peke yake. Dai kuhusu mtu lilikuwa moja. Mengine yalihusu nani anaamua, na kama anayepinga atabaki salama. Ukiwafundisha wanafunzi wako madai yote manne, mwaka 2006 hautawashangaza sana.

Na Jordan mwenyewe je, wiki ile? Hapa tumempamba kweli. Hakuongoza mgomo. Viongozi walikuwa vijana wanne: Greg Hlibok, Jerry Covell, Bridgetta Bourne na Tim Rarus. Jordan alikuwa mkuu wa kitivo aliyeshindwa kwenye mchujo, na Jumatano ya Machi 9 alisimama mbele ya waandishi wa habari pamoja na Zinser akasema anamuunga mkono kama rais halali. Wanafunzi waliumia. Kesho yake mchana alirudi chuoni, akasimama mbele yao, akatamka kwamba amebadili msimamo na anaunga mkono madai yote manne. Usiku huo huo Zinser alijiuzulu. Ijumaa watu zaidi ya elfu mbili waliandamana hadi Bungeni. Jumapili, Machi 13, Spilman aliachia ngazi, kiziwi Phil Bravin akawa mwenyekiti wa bodi, na Jordan akatangazwa rais.

Simlaumu kwa ile Jumatano. Mtu mwenye cheo huambiwa asimame na bosi wake, na wengi husimama. Kilichokuwa kigumu ni kurudi kesho yake na kujikana hadharani, na alifanya hivyo kazi yake ikiwa hatarini. Ila kijana wako ajue kwamba mtu huyu wanafunzi ndio waliomvuta hadi upande wao.

Kuna jambo jingine ambalo viziwi wa Marekani hawakuliacha kulisema. Jordan alizaliwa Pennsylvania mwaka 1943 akiwa anasikia. Alipoteza usikivu akiwa na miaka 21, mwanajeshi wa majini, baada ya ajali ya pikipiki iliyomvunja fuvu. Lugha ya alama aliijifunza ukubwani. Alisoma saikolojia Gallaudet, akamaliza 1970, akachukua shahada ya uzamivu Tennessee, akarudi kufundisha. Sauti yake ilibaki ya mtu aliyekua akisikia; aliweza kuzungumza kwa mdomo na wabunge na waandishi wa habari bila shida. Hilo lilimsaidia sana kazini. Lilimfanya pia awe mtu ambaye wanaosikia walimwelewa haraka kuliko kiziwi wa kuzaliwa, na wako viziwi waliojiuliza kama ndiyo sababu bodi ile ya mwanzo iliona anafaa.

Miaka kumi na minane aliyotawala sitaipitia yote. Sentensi yake ya kwamba viziwi wanaweza kufanya lolote wafanyalo wanaosikia isipokuwa kusikia ilienea duniani. Alitoa ushahidi Bungeni kuunga mkono sheria ya haki za Wamarekani wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1990. Alitafuta fedha kwa bidii, akajenga majengo, akaajiri viziwi katika nafasi ambazo zamani wengi wao hawakuzipata. Kwa mtoto kiziwi aliyezaliwa miaka ile, rais wa chuo kuwa kiziwi lilikuwa jambo la kawaida, na hilo peke yake ni kazi kubwa. Upande wa taaluma mambo hayakuwa mazuri hivyo. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ilikipa chuo alama mbaya kwa utendaji, ikitaja pia uchache wa wanaomaliza masomo, na mwaka 2007, Jordan ameshaondoka, chombo cha ithibati kikakiweka chini ya uangalizi. Uangalizi huo uliondolewa mwaka uliofuata.

Tufike kwenye swali lako. Jordan alitangaza mwaka 2005 kwamba atastaafu mwisho wa 2006. Mei 2006 bodi ilimchagua Jane Fernandes, mtu wa pili wake katika taaluma. Fernandes alizaliwa kiziwi, lakini alilelewa kwa kusoma midomo na kuzungumza. Alama alijifunza akiwa na miaka zaidi ya ishirini. Malalamiko yakaanza siku ile ile. Magazeti mengi yaliandika kwamba wanafunzi wanamkataa kwa kuwa "si kiziwi wa kutosha", na Fernandes mwenyewe aliwahi kusema hivyo. Wapo waliokuwa na wazo hilo, sitaficha. Lakini malalamiko ya waandamanaji yalikuwa mengine: kwamba mchujo ulifanywa kwa siri, kwamba walimu waliofanya naye kazi miaka sita hawakuwa na imani naye, kwamba Jordan alikuwa akimpigia debe, na kwamba Glenn Anderson, kiziwi Mweusi aliyewahi kuwa mwenyekiti wa bodi, hakufika hata miongoni mwa watatu wa mwisho.

Hili la Anderson lina mizizi inayofika hadi kwetu. Mweusi wa kwanza kupata shahada ya Gallaudet ni Andrew Foster, mwaka 1954, miaka tisini baada ya saini ya Lincoln. Foster alikuja Afrika, akafungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, na hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za bara hili. Desemba 1987 ndege ndogo aliyopanda ilianguka Rwanda. Miezi mitatu tu baadaye mageti ya chuo chake yalifungwa kwa kufuli za baiskeli. Mwambie kijana wako habari za Foster hata kabla ya Jordan. Wengi wa viziwi wa Afrika waliopata elimu miaka ile wanamdai shukrani.

Oktoba 2006 wanafunzi walikalia jengo kuu la madarasa. Siku chache baadaye mageti yalifungwa na chuo kizima kikasimama. Jordan aliomba yafunguliwe, wakakataa. Ijumaa ya Oktoba 13, jioni, polisi wa chuo, kwa amri yake, waliwakamata zaidi ya watu 130. Waliwabeba mmoja mmoja kutoka getini. Fikiria mkono wa kiziwi unapofungwa: mdomo wake ndio umefungwa.

Nataka nimtendee haki. Ndani ya eneo lile la chuo zipo pia shule ya msingi na ya sekondari za watoto viziwi, na kwa siku kadhaa watoto hao hawakusoma. Rais anawajibika kwao pia. Na ni kweli kwamba rais wa chuo akikubali kuondoa uamuzi wa bodi kila geti linapofungwa, basi hakuna bodi tena. Hizo zilikuwa hoja zake, na si hoja za kijinga.

Hata hivyo naona alikosea, na nitakuambia wapi. Tarehe 16, siku tatu baada ya kukamata, asilimia 82 ya walimu waliopiga kura walitaka Fernandes ajiuzulu au aondolewe. Hao hawakuwa vijana wa getini. Walikuwa wenzake Jordan, wengi wao watu walioajiriwa wakati wake. Na hawakuanza siku ile, walishapiga kura ya kutokuwa na imani tangu Mei. Jordan alikuwa na miezi mitano ya kukaa nao mezani. Alitumia miezi hiyo kuwaambia kwamba uamuzi umeshafanyika. Maneno hayo hayo aliyasema Spilman mwaka 1988. Na sasa bodi ilikuwa na viziwi wengi kuliko wanaosikia, kama lile dai la tatu lilivyotaka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema tatizo ni masikio. Yeye, mtu wa pekee aliyewahi kusimama pande zote mbili za jambo kama hili katika siku mbili, Jumatano na Alhamisi, ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuiambia bodi: nami niliwahi kudhani uamuzi halali unatosha. Hakuiambia.

Tarehe 29 Oktoba bodi ilitengua uteuzi wa Fernandes. Akashika nafasi Robert Davila, kiziwi tangu utotoni, mtoto wa vibarua wa mashambani wenye asili ya Mexico. Jordan alimaliza muda wake mwisho wa mwaka bila ile heshima ambayo kila mtu alitazamia. Fernandes aliendelea vizuri kwingine, akaja kuwa rais wa Chuo cha Guilford, North Carolina. Hilo nalitaja kwa sababu watu wengi hudhani aliyekataliwa na watu fulani basi hafai popote.

Kwa hiyo, alibadilika? Mimi naona hakubadilika sana. Jordan wa 2006 ndiye yule wa Jumatano ya Machi 9: mtu wa taasisi, mwaminifu kwa bodi, anayeamini kwamba uamuzi ukishatolewa unaheshimiwa. Mwaka 1988 kulikuwa na Alhamisi. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 63, mwenye jina kubwa na wasaidizi wengi wa kumwambia wanachopenda kumwambia, Alhamisi haikuja. Sisi tuliokuwa mbali tulichukua picha ya Jumapili ya ushindi tukaitundika ukutani, tukaisahau Jumatano.

Na uendelee kumfundisha? Ndiyo, tena bila kukata kipande. Mimi ningeanza na karatasi zile zilizogawiwa uwanjani, halafu king'ora cha moto (hicho watacheka mpaka machozi), halafu ningeandika madai manne ubaoni na kuyaacha hapo. Kisha ningewapa Oktoba 2006, na hoja za Jordan kuhusu watoto waliokosa masomo, nizieleze kwa uzito wake bila kumkejeli. Halafu wagawe darasa: nusu wawe bodi, nusu wawe getini, na baada ya nusu saa wabadilishane. Usiwape jibu langu mapema. Yule kijana mwenye simu mpe nafasi ya Jordan, kwa sababu ndiye anayemkasirikia zaidi, nami ningependa kujua atafanya nini siku ya tarehe 13. Niandikie walikofikia.